Mwongozo: Kupanga Njia Yako ya Kwanza ya Baiskeli katika Milima ya Bukavu

Kila ninaporudi mjini nikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi, hakosi kijana wa kunisimamisha pale Nyawera na kuniuliza maswali yale yale matatu: baiskeli yake itaweza, aanzie upande gani, na ni kilomita ngapi. Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, sasa nayaandika. Swali la tatu ndilo linalowaponza watu zaidi. Huku kwetu kilomita peke yake haisemi kitu: kilomita 20 kwenye barabara ya Kavumu ni asubuhi moja nyepesi, ilhali kilomita 20 za kupanda na kushuka vilima vya Kabare zinaweza kukumalizia siku nzima. Hesabu mlima, soma udongo, kisha ndipo uangalie kilomita. Kila hatua iliyo hapa chini imetoka katika kanuni hiyo.

Namwandikia mtu anayejua kuendesha lakini hajawahi kutoka nje ya lami.

Vitu unavyohitaji kabla ya kuanza

Huhitaji baiskeli mpya ya bei kubwa. Baiskeli ya mtumba ya milimani, ile yenye uma wa mbele (mikono miwili inayoshika gurudumu) usiodunda au unaodunda kidogo tu, inatosha kabisa, mradi itimize masharti matatu.

Sharti la kwanza ni tairi lenye upana wa milimita 40 au zaidi. Usisome zile inchi zilizoandikwa kwa herufi kubwa, soma tarakimu ndogo za ubavuni, kwa mfano 40-622. Tarakimu ya kwanza ni upana wa tairi na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu, vyote kwa milimita. Hapa watu wengi hupoteza pesa sokoni. Tairi la zile baiskeli nyeusi za kubebea mizigo huandikwa 28, lakini mara nyingi kipenyo chake ni 635, na halitashika kamwe kwenye rimu ya 622, hata kama muuzaji atakuapia. Kinyume chake, rimu inayoitwa 700C na ile inayoitwa 29 zote ni 622, kwa hiyo matairi yake yanaingiliana ikiwa uma una nafasi ya kutosha. Rimu ya 26 ni 559, na ya 27.5 ni 584.

Sharti la pili ni gia nyepesi. Hesabu meno ya gia ndogo kabisa ya mbele, kisha hesabu meno ya gia kubwa kabisa ya nyuma. Ya mbele isiizidi ya nyuma. Mwenye meno 32 mbele na 34 nyuma atapanda akiwa amekaa, lakini mwenye 42 mbele na 25 nyuma ataisukuma baiskeli yake kwa mkono mlima wote.

Sharti la tatu ni breki mbili zinazoshika, ya mbele na ya nyuma. Breki ya mguu, ile ya kurudisha pedali nyuma, haifai kwa mteremko mrefu.

Kwenye mfuko weka mipira ya ndani miwili ya saizi yako, viraka na gundi, vijiko viwili vya kutolea tairi, pompi inayoingia kwenye vali yako (vali nyembamba na vali nene kama ya gari hazitumii kichwa kimoja), funguo za bolti zako, kifaa cha kukatia mnyororo pamoja na kiungo kimoja cha akiba, kipande cha tairi kuukuu chenye upana wa vidole vitatu, na kamba ya mpira. Beba pia kofia ngumu, lita mbili za maji, kadi yako ya utambulisho, noti ndogo ndogo za franga, na simu yenye chaji kamili. Katika simu hiyo iwemo namba ya mwenye pikipiki unayemwamini, uliyekwisha kumwambia unakoelekea.

Hatua

1. Uliza habari za usalama kabla ya kuangalia ramani. Hali ya barabara za Kivu hubadilika kwa siku, na habari za wiki iliyopita ni za wiki iliyopita. Jioni ya kuamkia safari, waulize madereva waliofika siku hiyo hiyo kutoka upande unaoutaka, na asubuhi uulize tena. Swali liwe dogo na la wazi: "Papa, leo umetoka wapi, na njiani umekuta nini?" Ukijibiwa kwa kusitasita, ahirisha safari. Usiende peke yako. Kwenye kizuizi shuka, tembea, salimia, onyesha kadi, wala usitoe simu kupiga picha. Usiache barabara inayotumika kila siku kwa ajili ya kukata njia ya mkato porini, na usiguse chuma usichokijua kilicholala kando ya njia. Ikiwa hatua hii haijatimia, zilizobaki zote zisubiri.

2. Chagua mwelekeo unaolingana na miguu yako.

Kwa mara ya kwanza napendekeza kaskazini: Mudaka, Miti na Kavumu, na baadaye, ukiwa umezoea, hadi Lwiro, penye kile kituo cha utafiti kilichojengwa zamani za Wabelgiji chini ya milima. Njia hii ina vilima, lakini si vikali, na kila baada ya kilomita chache kuna mama anayeuza ndizi au mandazi. Ubaya wake ni malori. Ondoka mapema, na ukipata njia ya udongo inayokwenda sambamba na barabara kuu kupitia mashambani, ifuate.

Vilima vya Kabare, upande wa magharibi, ni vifupi na vikali. Usiende huko kabla hujamaliza kilomita 40 za kaskazini bila kuugua siku ya pili.

Kusini kuna Nyangezi, mwendo mzuri sana kwa mtu wa wastani. Shida inaanza baada ya hapo, kwa kuwa barabara inashuka kwenye mteremko wa Ngomo hadi Kamanyola, na Kamanyola iko chini ya usawa wa ziwa letu kwa zaidi ya mita 400. Mgeni hushuka akifurahi, kisha anageuka na kukuta ukuta mbele yake, kwenye joto la bonde la Ruzizi, huku malori yakimpita kwenye kona finyu. Mpaka utakapokuwa na miezi kadhaa miguuni, ukifika Nyangezi geuza urudi.

Njia ninayoipenda kuliko zote iko majini. Kisiwa cha Idjwi kina urefu wa kilomita kama 40, magari yake yanahesabika, na barabara zake za udongo hupita kati ya migomba, kahawa na mananasi huku ziwa likionekana kila upande. Utapanda mashua hapa Bukavu. Omba baiskeli ilazwe upande usio na mnyororo, ifungwe kwa kamba, na isiwekewe magunia juu, maana kibadilisha gia hupinda kwa uzito mdogo sana. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenzako hawakuvaa. Panga kulala huko usiku mmoja. Anayetaka kuzunguka na kurudi siku hiyo hiyo huendesha akiiwaza mashua badala ya barabara.

Ng'ambo ya mto Ruzizi, kwa jirani zetu wa Rwanda, kuna njia iliyopangwa rasmi iitwayo Congo Nile Trail, yenye kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi kupitia Karongi. Baadhi ya vipande vyake sasa vimefuatana na lami. Ni shule nzuri kwa anayetaka kujua njia ya siku nyingi inavyopangwa, mradi hati zako za mpaka ziwe kamili na uwe umeuliza habari za kuvuka.

Onyo kuhusu Kahuzi-Biega: ukiwa Miti au Kavumu mlima Kahuzi, wenye mita 3,308, unakuita waziwazi, na ramani ya simu itakuonyesha vijia vinavyoingia msituni. Usivifuate. Hiyo ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1970, na hairuhusiwi kuingia bila idhini na walinzi wa ICCN, shirika la Kongo linalosimamia hifadhi za taifa.

3. Chora njia, kisha uhesabu mlima. Programu za OsmAnd na Organic Maps zinafanya kazi bila intaneti ukiwa umekwisha kupakua ramani ya eneo lako. Chora kwenda na kurudi, kisha utazame jumla ya mita za kupanda.

Kosa la kawaida ni kutoa kimo cha mwanzo kutoka kimo cha mwisho. Ukitoka ziwani, penye mita 1,460 hivi, na kurudi ziwani, jibu litakuwa sifuri, ilhali miguu yako imepanda mita 800. Unahesabu kila kipande kinachopanda, kwenda na kurudi, na kushuka hakukupunguzii deni.

Hesabu ninayoitumia kwa mtu mpya ni hii: kilomita 12 kwa saa kwenye changarawe, na dakika 10 za nyongeza kwa kila mita 100 za kupanda. Kwa hiyo njia ya kilomita 30 yenye mita 800 za kupanda itachukua saa mbili na nusu za mwendo, pamoja na saa moja na dakika 20 za mlima, jumla saa tatu na dakika 50. Ongeza dakika 40 za kupumzika na kuziba pancha moja, na utapata saa nne na nusu. Linganisha hesabu yako na ulichofanya kweli kwenye safari mbili za kwanza, kisha rekebisha namba zako mwenyewe. Kama siku yako ya kwanza inazidi mita 600 za kupanda, fupisha njia.

Tazama pia ukali wa kila mlima. Njia inayopanda mita 100 ndani ya kilomita moja ina asilimia 10, na kwenye changarawe huru wengi hushuka na kutembea ikizidi hapo. Kutembea hakuna aibu, lakini kuingizwe katika hesabu ya muda.

4. Soma udongo na majira. Huu ndio ujuzi ambao ramani haikupi, na ndio ulionigharimu zaidi. Mwaka wangu wa kwanza niliingia kwenye kijia cha Kabare asubuhi iliyofuata usiku wa mvua. Baada ya mita kama 200 gurudumu la mbele liligoma kabisa: udongo mwekundu ulikuwa umejaza nafasi yote kati ya tairi na uma, ukashindiliwa kama tofali, na nilipolazimisha kusukuma, ule wa nyuma ukakivuta kibadilisha gia na kukipindisha. Mzee mmoja aliyekuwa akienda shambani alisimama, tukaamkiana "Asinge", akakata kijiti, akakichonga ncha bapa kama mwiko na kunionyesha namna ya kuukwangua udongo ungali mbichi, akianzia juu penye uma na kushuka. Ukikauka, alisema, utahitaji nyundo. Tangu siku ile kijiti kama hicho kimefungwa chini ya kiti changu.

Jaribio ni rahisi. Okota donge la udongo wa njia, ulibane kwa kidole gumba. Likimeguka, endelea. Likinata na kuacha alama ya kidole, rudi kwenye njia ya mawe au ya changarawe, hata ikiwa ndefu zaidi.

Mvua zetu huanza karibu na mwezi wa Septemba na kuendelea hadi Mei, na kiangazi ni Juni hadi Agosti. Kiangazi kina taabu yake: vumbi jepesi kama unga hufunika mashimo, na lori likipita huoni mbele kwa muda. Funga kitambaa puani, simama pembeni, subiri litulie. Wakati wa mvua kubwa usipite chini ya miteremko iliyo wazi. Tarehe 4 Mei 2023 maji na udongo vilishuka kutoka milimani juu ya Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, na mamia ya watu walipoteza maisha. Barabara inayofuata ziwa kuelekea Minova inapita katika eneo hilo. Mvua ikianza kupiga kwa nguvu ukiwa sehemu kama hizo, jitenge na mabonde ya vijito, uombe hifadhi kwenye nyumba iliyo mahali pa wazi, usubiri.

Atakayeendelea kaskazini mpaka Sake na Goma atakuta udongo umegeuka mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Hayanati, lakini yanakata. Huko tairi liwe jipya na lenye ubavu mnene.

5. Pima upepo wa matairi. Fundi wa barabarani atajaza mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, kwa kuwa ndivyo wabeba mizigo wanavyotaka. Wewe mwombe apunguze. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi la milimita 40 na mpira wa ndani, anza na bari 2.5 nyuma na kidogo pungufu mbele. Kwa tairi la milimita 50, anza na bari 2. Huna kipimo? Kalia baiskeli, mwenzako atazame: tairi lifutuke kidogo linapogusa ardhi, lakini rimu isikaribie chini unapopita juu ya jiwe.

6. Ondoka saa kumi na mbili asubuhi, na upange saa ya kugeuka. Giza letu huingia saa kumi na mbili jioni bila kubisha hodi, na mvua nyingi hunyesha mchana. Andika saa ya kugeuka kwenye karatasi, uibandike kwenye usukani. Ikifika, geuka, hata kama kilele kiko pale.

7. Panda ukiwa umekaa. Ingia gia nyepesi kabla ya mlima, kwa maana ukibadilisha ukiwa umekwisha kukanyaga kwa nguvu zote, mnyororo huruka au kukatika. Kaa mbele kidogo ya kiti, shusha kifua, zungusha pedali bila kushtuka. Ukisimama, gurudumu la nyuma hupoteza uzito na kuteleza. Pumua kiasi cha kuweza kusema sentensi nzima; kama huwezi, punguza.

Waangalie vijana wanaopandisha bidoni za kasiksi (pombe ya ndizi) kwa baiskeli zisizo na gia: hawakimbilii mlima hata siku moja. Mwendo wao chini na mwendo wao juu ni uleule.

8. Shuka kwa breki za vipindi. Nyanyuka kidogo kwenye kiti, peleka uzito nyuma, pedali zote mbili ziwe sawa, macho yatazame mita 10 hadi 15 mbele. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ndani ya kona, kwa sababu kwenye changarawe gurudumu la mbele likiteleza huna pa kulikamatia. Kandamiza breki kwa nguvu sekunde chache, achia, rudia. Anayezishika kidogo kidogo mfululizo huzichemsha: za diski huacha kushika, na za rimu zinaweza kuupasua mpira wa ndani kwa joto. Ukisikia harufu ya kuungua, simama, wala usimwage maji juu ya diski iliyo moto. Mbuzi, watoto na akina mama wenye mizigo mgongoni ndio wenye njia. Piga kengele ukiwa mbali, pita polepole, usalimie.

9. Kunywa kabla ya kiu, kula kabla ya njaa. Funda chache kila robo saa, na kitu cha kutafuna kila dakika 45. Ndizi mbivu, muhindi wa kuchoma na karanga vinatosha. Maji ya kijito usiyanywe bila kuyatibu.

Mambo yakiharibika

*Tairi linaisha upepo mara kwa mara.* Toa mpira, uupulize, utazame tundu. Matundu mawili yanayokaa sambamba maana yake umegonga jiwe ukiwa na upepo mdogo. Tundu moja upande wa nje maana yake ni mwiba au msumari: pitisha vidole polepole ndani ya tairi ukautoe, la sivyo utaziba mpira huo huo baada ya dakika kumi.

*Ubavu wa tairi umechanika.* Weka ndani kile kipande cha tairi kuukuu kati ya mpasuko na mpira wa ndani, jaza upepo kidogo, urudi nyumbani polepole.

*Mnyororo unaruka.* Osha udongo kwanza, weka mafuta, jaribu tena. Ukiendelea kuruka kwenye gia moja tu, gia hiyo imeliwa. Ukiruka kwenye gia zote, tazama kibadilisha gia kutoka nyuma: kama kimeinama kuelekea spoki, usitumie gia kubwa ya nyuma hata kidogo, maana kitaingia kwenye gurudumu na kuvunja kila kitu.

*Breki zinalia, na mkono wake unafika mpaka kwenye usukani.* Matope ya changarawe hula pedi upesi kuliko unavyodhani. Kaza waya ikiwa ni breki ya waya. Kama pedi imebaki na unene wa kadi, tembea mteremko uliobaki.

*Vidole vinakufa ganzi.* Legeza mshiko, badilisha mkao wa mikono, punguza upepo wa tairi la mbele kidogo, na utazame kama kiti hakijainamia mbele.

*Hujui uko wapi.* Usiulize kama mahali fulani ni karibu, kwa kuwa kwa heshima utajibiwa "ni hapa tu". Uliza kama pikipiki inapita njia hiyo, na inachukua muda gani. Dakika 15 za pikipiki kwenye vilima ni karibu saa moja yako.

*Jua linazama na bado uko mbali.* Simama penye watu, mpigie yule mwenye pikipiki, mkubaliane bei kabla hajaondoka. Atakapofika, toa gurudumu la mbele, lifunge kwa kamba ya mpira kwenye ubavu wa baiskeli, weka kitambaa panapogusana chuma na chuma, kisha keti nyuma yake ukiishika baiskeli wima upande ulio mbali na magari, mnyororo ukitazama nje.